Divai "kavu" ni ipi?

SWALI: Mimi ni mhudumu katika hoteli moja ya Naivasha, Kaunti ya Nakuru. Nimepewa kazi ya kuwaongoza wageni wanaoonja divai kwa mara ya kwanza, na wengi hupendelea Kiswahili. Nikisema divai ni "kavu", yaani "dry" ya Kiingereza, wananicheka. Nisemeje? Na kumwambia mtu mzima ateme divai aliyoionja ili asilewe, si kumvunjia heshima?

JIBU: Wana haki ya kucheka; kitu kimiminwe glasini halafu kiitwe kikavu! Unachokusudia ni kwamba sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira ikageuka kileo. Sema "isiyo tamu", inatosha. Usikimbilie "kali" pia. Kwa Mkenya, pombe kali ni wiski na jamaa zake, ilhali divai nyingi huwa na kileo cha asilimia 12 hadi 14 hivi.

"Kavu" ina hila nyingine. Mgeni akionja divai nyekundu, ulimi humkauka na kukwaruza, naye hudhani ndio ukavu unaousema. Sivyo. Huo ni ukakasi, neno zuri ambalo wengi wetu wa bara tumelisahau. Chai ya rangi iliyoachwa na majani yake hadi ikapoa huleta ukakasi uo huo. Katika divai hutokana na tanini (kemikali asilia zinazokausha ulimi) za maganda na kokwa za zabibu, kwa hiyo hata divai tamu yaweza kuwa nao. Wala usiuite uchungu: uchungu ni wa managu.

Kwa ile ladha ya limau katika divai nyeupe, tumia "uchachu" (watu wa Pwani watakuambia "ugwadu"). Ila chunga kitenzi. "Ina uchachu" ni sifa. "Imechacha" ni kumwambia mgeni imeharibika.

Kuhusu kutema, kitenzi chenyewe hakina kosa, kosa liko kwenye amri. "Temeni!" ni sauti ya mwalimu aliyewafumania wanafunzi na chingamu. Sema, "Anayependa kutema, chombo hiki hapa," kisha uwe wa kwanza kukitumia. Mwenye kuendesha gari kurudi Nakuru mjini atakushukuru. Hatua nyingine pia zinapendeza ukijihesabu pamoja nao: tushike glasi kwenye kikonyo chake ili mkono usiipashe divai moto, tuitazame rangi, tuizungushe taratibu, tunuse, ndipo tuonje. Mimina kidogo, nyeupe kabla ya nyekundu.

Hapo kwenye kunusa ndipo wahudumu wengi hujikwaa. Divai nzuri *inanukia* matunda. Ukisema *inanuka* matunda, umeitukana mbele ya wageni, na anayejua Kiswahili ataisukuma glasi kando kabla hajaonja.