Kochi anasema binti yangu avumilie

SWALI: Mwalimu habari yako. Binti yangu yuko kidato cha pili, anakimbia mita 3000, kochi wao anawakimbiza spidi kila siku na sasa mfupa wa mbele wa mguu unamuuma mpaka usiku, eti avumilie tu? Mama, Eldoret.

JIBU: Mama, asivumilie. Mbonyeze kwa kidole, kama kuna pahali padogo pamoja panapomfanya aruke kwa uchungu, mfupa unaweza kuwa umeanza kupasuka, asimamishe mbio na aonwe na daktari wiki hii. Spidi mara mbili kwa wiki inamtosha, siku zingine akimbie polepole huku anapiga stori na mwenzake bila kuhema, na siku moja alale tu. Hata kochi Brother Colm O'Connell wa Iten, aliyefika shule ya St Patrick's 1976 na baadaye akamnoa David Rudisha, anajulikana kwa kutowaharakisha watoto, na Rudisha huyo akaja kukimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Halafu muulize taratibu kama hedhi imekatika, wasichana wengi wanaona ni afueni lakini mimi hunitisha sana, mara nyingi ni chakula hakitoshi na mifupa inadhoofika. Muongezee ugali, maziwa na maharagwe kabla kochi hajamuongezea kilomita.