Semina imekwisha, darasani je? Maswali ya wakufunzi wa Tanga

Maswali ya safari hii yametoka vyuo vya kati vya Tanga mjini, Korogwe na Muheza. Tumeyafupisha, ila hoja za walioandika tumeziacha zilivyo.

Tulipeleka wakufunzi sita kwenye semina ya siku tatu ya ufundishaji shirikishi. Wamerudi na vyeti na makabrasha. Nikipita dirishani bado nakuta mtu anasoma slaidi na wanafunzi wananakili. Kosa liko wapi? (Mkuu wa idara, Tanga mjini)

Mkuu, usiwalaumu wakufunzi wako. Semina ya ukumbini humpa mtu maarifa na hamu, lakini haimpi mazoezi. Watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walilieleza hili tangu miaka ya 1980: mwalimu akipewa nadharia na maonyesho tu, ni machache sana yanayofika darasani kwake. Yanafika pale anapokuwa na mwenzake wa kumfuatilia akiwa kazini. Sababu yake ni kwamba mbinu mpya, siku za mwanzo, humfanya mwalimu afundishe vibaya kuliko alivyozoea. Muda unamponyoka, darasa linapiga kelele, mada haiishi. Akiwa peke yake atarudi kwenye slaidi zake, na huwezi kumshangaa.

Kwa hiyo usitafute semina nyingine. Chagueni stadi moja tu kwa muhula mzima, mathalani kuuliza swali la kupima uelewa katikati ya kipindi. Wiki ya kwanza kaeni saa moja na nusu: mmoja afundishe dakika 10 mbele ya wenzake, aambiwe walichokiona, kisha arudie palepale. Kule kurudia ndiko kunakofundisha, nako ndiko hurukwa kwa kisingizio cha muda. Wiki ya pili kila mtu aijaribu kwenye somo moja na darasa moja, si masomo yote. Kuanzia hapo watembeleane wawili wawili, dakika 20 zinatosha. Wiki ya nne mkutane tena, kila mmoja aje na kazi za wanafunzi mkononi, asije na maelezo matupu.

Mpango huu huvunjika kwenye ratiba. Watu wawili wanaofundisha saa zilezile hawawezi kutembeleana, basi panga jozi ukiwa na ratiba mezani. Na wewe mwenyewe uwe kwenye jozi mojawapo. Mkuu wa idara akijitoa, wengine wataona ni kazi ya wadogo.

Nafundisha hesabu za dozi, darasa la wanafunzi 90. Nikiuliza "mmeelewa?" wote wanaitikia ndiyo. Kwenye jaribio nusu yao wanaanguka. (Mkufunzi wa uuguzi, Tanga mjini)

Hiyo "ndiyo" ni adabu ya mtoto kwa mkubwa wake, haipimi chochote. Liondoe kabisa swali hilo, na mahali pake weka swali ambalo kila jibu lisilo sahihi linakuonyesha mwanafunzi amejikwaa wapi. Kwa mfano:

*Mtoto ana kilo 12. Anahitaji parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji uliyonayo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Utampa mililita ngapi? A: 7.5, B: 1.5, C: 3.3, D: 0.6.*

Jibu ni A: 12 mara 15 ni 180, ukigawa kwa 120 unapata 1.5, mara 5 ni 7.5. Aliyechagua B amesahau kuzidisha kwa 5. Wa C amegeuza sehemu, kagawa 120 kwa 180 kisha kazidisha kwa 5. Wa D hakuhesabu uzito wa mtoto, amechukua miligramu 15 kama dozi nzima. Sasa unajua urudie hatua ipi, tena kwa watu gani.

Kila mwanafunzi awe na karatasi nne zenye herufi A hadi D. Toa dakika mbili za kimya, kila mtu ahesabu peke yake. Ukihesabu "moja, mbili, tatu" wainue wote kwa pamoja. Wakiinua mmoja mmoja watamtazama yule anayejulikana kuwa kichwa na kumfuata. Usitaje jibu. Wakipata zaidi ya asilimia 70, eleza kwa ufupi uendelee. Wakiwa kati ya 30 na 70, waambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika tatu, kisha wainue tena. Chini ya 30, mazungumzo hayatasaidia kwa kuwa hakuna wa kumwelekeza mwenzake, hivyo fundisha upya kwa njia nyingine. Mtindo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwenye madarasa makubwa kama lako, na zoezi zima halizidi dakika 10.

Ukiuliza kwa mdomo, nyamaza sekunde tatu kabla ya kumtaja mtu. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipopima madarasa aligundua kuwa walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu, na wakivuta hadi tatu majibu huwa marefu zaidi na hata wasiozoea kusema hujitokeza. Sekunde tatu za ukimya mbele ya watu 90 zitakuchoma mwanzoni. Vumilia.

Tumeambiwa wenzetu wataingia kutuangalia tukifundisha. Sisi tunaona tunakaguliwa. (Mkufunzi, Korogwe)

Wasiwasi wenu una msingi, kwani mahali pengi mambo haya mawili yamechanganywa. Ombeni masharti haya yaandikwe kabla ya kuanza: anayefundisha ndiye anayechagua kitu cha kuangaliwa, karatasi ya maelezo inabaki mkononi mwake, hakuna nakala inayoingia faili lake, na hakuna kitu kinachopelekwa kwenye tathmini ya utendaji kazi. Chuo kikishindwa kukubali hilo la mwisho, kiseme wazi kwamba huo ni ukaguzi.

Anayeangalia akae ubavuni, usawa wa katikati ya darasa, ili aone madaftari. Nyuma kabisa utaona visogo tu. Aandike matukio na saa, asiandike hukumu. "Saa 4:12, swali limeulizwa. Sekunde moja. Mwalimu amejibu mwenyewe." Mstari huo una faida kuliko "umefundisha vizuri ila jitahidi kushirikisha". Mkae siku hiyohiyo, dakika 15, na aliyefundisha aanze kusema.

Mtaala ni wa Kiingereza. Nikichanganya Kiswahili nawaharibu wanafunzi? (Mkufunzi, Korogwe)

Huwaharibu, ila uchanganye kwa mpango. Dhana mpya ielezwe na ijadiliwe kwa Kiswahili mpaka ishikike, halafu jibu liandikwe kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani uko hivyo. Kila kipindi andika istilahi tano hadi nane pembeni mwa ubao na uziache hadi mwisho. Hatari iko kwa mkufunzi anayefundisha kwa Kiswahili kipindi kizima na kumwacha mwanafunzi akutane na Kiingereza kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani.

Bajeti ya mafunzo kazini hatuna kabisa. (Mkuu wa chuo, Muheza)

Kutembeleana hakuhitaji posho. Kunahitaji saa moja ya pamoja kwenye ratiba kila wiki, isiyoingiliwa na kikao kingine. Fedha kidogo ikipatikana, nunua karatasi za herufi na chai.

Wanafunzi huja ofisini kwangu wakiwa wameshakosa sifa za kufanya mtihani. Nitawapataje mapema? (Mshauri wa wanafunzi, Muheza)

Hutawapata ukiwa ofisini. Anayewaona kwanza ni mkufunzi, naye mara nyingi hajaambiwa aangalie nini. Kubalianeni dalili tatu: hakuonekana vipindi viwili mfululizo, hakukusanya kazi ya kwanza, au amepata chini ya nusu kwenye jaribio la kwanza. Ili dalili ya tatu isaidie, jaribio hilo lifanyike kabla ya wiki ya nne kwisha. Likisubiri katikati ya muhula, mwanafunzi aliyeteleza hana tena muda wa kuinuka.

Jina likufikie siku hiyohiyo, na mtu mmoja tu amtafute ndani ya siku mbili. Apigiwe simu, asitajwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Sentensi ya kwanza ina uzito: "Sijakuona Jumanne wala Alhamisi, nimekutafuta nijue kama kuna jambo." Ukianza na "kwa nini unatoroka?" atakujibu uongo, kisha hatapokea tena simu yako.

Mara nyingi utakuta ni ada, kodi ya chumba au chakula. Uwe na majibu tayari: utaratibu wa kulipa kwa awamu, na kama kozi yake imo kwenye fani za stashahada ambazo Bodi ya Mikopo ilianza kuzikopesha mwaka wa masomo 2023/24. Wakufunzi nao wapewe saa mbili za mafunzo ya kusikiliza na kuelekeza. Wasiahidi siri ya kila kitu, na mazungumzo yafanyike mlango ukiwa wazi. Mwanafunzi akieleza ukatili au kutakiwa ngono ili apewe alama, hapo mkufunzi hapatanishi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Msindikize mwanafunzi hadi dawati la jinsia au TAKUKURU.

Kila mwisho wa muhula tunajaza fomu ya kumtathmini mkufunzi. Hatujaona kinachobadilika. (Mwanafunzi, Tanga mjini)

Fomu ya mwisho wa muhula, hata ikisomwa, itawafaa watakaokuja baada yenu. Kupitia serikali ya wanafunzi, ombeni zoezi la wiki ya tano au ya sita. Mkufunzi wa idara nyingine aje dakika 20, mwenye somo akiwa nje. Kaeni wanne wanne mjibu maswali matatu: nini kinatusaidia kujifunza, nini kinatukwamisha, tunapendekeza nini. Yabaki yale tu ambayo darasa zima limeyakubali, bila majina.

Andikeni kitu kinachoweza kufanyika. "Anafundisha vibaya" hakuna wa kukitumia. "Anafuta ubao kabla hatujamaliza kunakili hesabu" kinarekebishika kesho yake. Na kipindi kinachofuata mkufunzi awaambie waziwazi ni lipi atabadilisha, lipi hawezi, na kwa sababu gani. Asipofanya hivyo, safari ijayo mtaandika "sawa" kila mstari ili mtoke mapema.