Maswali yenu ya barabarani: lori likiwasha indiketa ya kushoto wewe kaa nyuma yake

Tangu niandike ile mada ya bajaji meseji za watu wa baiskeli hazikauki kwenye simu yangu, na zote zinaimba wimbo mmoja, nimechomekewa, nimepigwa pasi, nimefunguliwa mlango usoni. Nimechukua tano, moja ni ya dereva wa gari na yeye ana hasira zake. Nyingine nimezifupisha, kuna ndugu yetu mmoja alitiririka utadhani anaandika kesi ya shamba.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nasambaza mikate kwa baiskeli, natoka Buguruni alfajiri nakamata Mandela mpaka maduka ya Mabibo. Wiki iliyopita nimefika kwenye mataa nikakuta semi limesimama limewasha indiketa ya kushoto, mimi naenda moja kwa moja, kwa kuwa kulikuwa na nafasi pale kushoto nikapita zangu pembeni nikasogea mpaka usawa wa mlango. Taa ikaruhusu, lile dude likaanza kukata kona, nikaona tairi za nyuma zinanijia mimi, nikaiachia baiskeli nikajirusha mtaroni. Kreti ya mikate imesagwa yote, gurudumu la nyuma limekuwa nane. Dereva hakusimama, na watu pale wakaanza kunisema mimi. Kosa la nani? Na kesho njia ni hiyo hiyo.
Muuza mikate, Buguruni

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana, ya mikate na ya roho pia maana najua huo mtetemeko wa magoti haukuisha siku hiyo.

Ngoja nikupe kisa. Kuna jamaa yangu anaendesha semi, anatoa mizigo bandarini, siku moja amepaki yadi nikamwomba nikae kwenye kiti chake. Tukamwambia utingo wake achukue baiskeli yangu aikokote upande wa kushoto, aanzie nyuma ya trela aje mbele taratibu. Nikamuona kwenye kioo vizuri tu, kofia nyekundu, akapita tairi za trela, akapita tenki la mafuta, halafu kofia ikapotea. Nikageuza shingo, sioni kitu. Nikainuka kidogo kwenye kiti, sioni. Nikaanza kucheka nikidhani ananitania amechuchumaa, kumbe mtu yuko pale pale chini ya dirisha la kushoto anatembea na baiskeli, nimekuja kumuona tena ameshatokea mbele ya bampa. Kile kipande chote alikuwa hayupo duniani kwa upande wangu mimi niliyekaa kwenye usukani. Na hapo lori limezimwa, nimetulia, nimeambiwa kabisa kuna mtu anakuja. Sasa mtu aliyetoka bandarini usiku hajalala ataona nini?

Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia, kwa hiyo upande aliko mbali nao dereva ndio huo huo tunaopita sisi. Halafu kuna ile tabia ya trela, kichwa kikikata kona tairi za nyuma hazifuati njia ya kichwa, zinakata kwa ndani, zinakuja kwenye ukingo wa barabara hata kama kichwa kimezunguka kwa mbali kabisa. Ndio maana wewe ulidhani una nafasi ya kutosha, na ulikuwa nayo kweli, ila ile nafasi inajifunga kama mkasi lori likianza kugeuka.

Kosa la nani? Dereva anatakiwa ahakikishe njia ni nyeupe kabla hajakata kona, kuwasha indiketa sio kununua barabara, na kuondoka bila kusimama ni kosa jingine linalojitegemea. Kwa hiyo waliokusema wewe peke yako wamekuonea. Ila na mimi nikwambie ukweli kama mdogo wangu, pale hukutakiwa kupita. Kesho ukikuta lori limesimama kwenye mataa, limewasha indiketa au halijawasha (wengi wanawasha wakiwa wameshaanza kugeuka), kaa nyuma yake, tena sio nyuma kwenye kona ya kushoto, kaa katikati ya njia kama na wewe ni gari, umbali ambao unaona vioo vyake vyote viwili. Kipimo changu ni uso wa dereva, kama siuoni kwenye kioo chake basi na yeye hanioni. Ukifika wewe wa kwanza kwenye taa, simama mbele kabisa mahali atakapokuona kupitia kioo cha mbele, taa ikiruhusu usiwe na aibu ya kuchelewa kuondoka, acha apige honi, akipiga honi ujue amekuona. Utachelewesha mikate dakika mbili tatu, wenye maduka watanuna, watazoea.

SWALI: Mimi ni dereva wa gari ndogo, kila siku Tegeta mjini. Naomba na sisi tusikilizwe. Hawa watu wa baiskeli ndio wanaleta ajali, wanatembea katikati ya njia, usiku hawana taa, nikimpigia honi apishe ananiangalia kama nimemtukana. Kwani akikaa pembeni kabisa anapungukiwa nini?
Dereva, Tegeta

JIBU: Usiku bila taa hapo nakuunga mkono mia kwa mia, na wenzangu wasinune. Mtu amevaa shati jeusi, baiskeli nyeusi, hana hata rifrekta, halafu barabara haina taa, huyo hata malaika hamuoni. Taa nyekundu ya nyuma haizidi bei ya chipsi kuku, wekeni.

Ila hilo la pembeni kabisa bosi wangu, nakuomba siku moja ushuke kwenye gari uitembee hiyo pembeni kwa mguu. Utakuta mchanga uliosombwa na mvua, ambao tairi jembamba likiingia linateleza kama limepakwa sabuni. Utakuta lami imemeguka ina ngazi ya kushuka, ukishuka kupanda tena ni kuanguka. Mfuniko wa chemba umeibiwa. Daladala imesimama nusu kituoni nusu barabarani. Bodaboda anakuja mbele kwa mbele kwa sababu amekwepa foleni, na kuna wenzako wenye magari wanatanua humo humo. Sasa mtu akijibana huko kinachotokea ni kwamba wewe unaona njia bado ina nafasi, unapenya hapo hapo bila kuhama, unampita kwa shibiri, na yeye mbele yake kuna shimo atalikwepa kuja kwako. Akikaa mita moja hivi kutoka ukingoni wewe unalazimika kuhama njia ndio umpite, unachelewa sekunde nne, yeye anafika kwake.

Ujerumani tangu 2020 sheria imeweka wazi kabisa, ukiipita baiskeli mjini unaacha mita 1.5, nje ya mji mita 2. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Mita moja na nusu ni mlango wa gari yako umefunguliwa wote na bado ziada, hebu kumbuka mara ya mwisho umemwachia mtu hivyo.

Na honi. Najua unapiga kwa nia njema, lakini ukimpigia mtu honi ukiwa mita tano mgongoni kwake anashtuka, na binadamu akishtuka mikono inavuta usukani, unaweza kumuua kwa heshima. Piga ukiwa mbali, mara moja, fupi. Tena bora upunguze mwendo tu. Gari ikiwa kwenye 50, ambayo ndio mwisho kwenye makazi ya watu hapa kwetu, inakula karibu mita 14 kwa kila sekunde, kwa hiyo ukiinamia simu sekunde tatu kusoma meseji ya grupu la familia umeenda zaidi ya mita 40 umefumba macho. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, baiskeli na pikipiki, yaani watu wasio na bati la kuwakinga. Wewe una bati, mkanda na airbegi. Yeye ana kandambili.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mwanangu yuko form two, tunaishi Kigamboni, anaenda shule kwa baiskeli. Nimemkuta anaendesha upande wa kulia, anatazamana na magari, nikamgombeza akaniambia mama huku naona kinachokuja, huko kwingine nagongwa kwa nyuma sijui. Nikakosa la kumjibu maana na mimi shuleni tulifundishwa kutembea kulia ili tuone magari.
Mama wa watatu, Kigamboni

JIBU: Dada yangu, mtoto ana akili, ila hesabu imemponyoka kidogo. Kutembea kulia ni kwa mwenda kwa miguu, kwa sababu akiona hatari anapiga hatua moja anatoka. Baiskeli haina hatua moja ya kutoka. Mwambie achukue kalamu. Yeye yuko kwenye kilomita 15 kwa saa, gari iko 50. Wakienda upande mmoja gari inamkaribia kwa tofauti, 35. Wakitazamana zinajumlishwa, 65. Muda wa dereva kumuona na kukanyaga breki unakuwa karibu nusu, na kama watagongana ndio usiseme.

Halafu kuna jambo halionekani mpaka ukae kwenye gari. Dereva anayetoka njia ya mtaani kuingia barabara kubwa akitaka kukata kushoto anaangalia kulia, huko ndiko magari yanakotoka, akiona peupe anaingia. Mwanao atakuwa anatokea kushoto kwake, mahali ambapo hakuna mtu anayetegemea kitu kitokee. Mimi nimeshagongwa hivyo hivyo miaka ya nyuma, na yule mama aliyekuwa anaendesha alilia kuliko mimi, anarudia tu jamani niliangalia, na kweli aliangalia, ila alikuwa ameangalia kulia.

Arudi kushoto. Na akiwa kushoto afahamu kwamba milango ya daladala iko kushoto, konda anaruka kabla gari haijasimama, abiria anafuata bila kuangalia nyuma, kwa hiyo daladala ikianza kupunguza mwendo asijiingize kati yake na kituo, asubiri nyuma ipakie iondoke. Hata magari yaliyopaki, aache upana wa mlango. Uingereza kitabu chao cha sheria za barabarani kimeongezewa kitu mwaka 2022, kinamshauri aliye ndani ya gari afungue mlango kwa mkono wa mbali, ukikaa kulia unafungua kwa mkono wa kushoto, basi mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma. Nimewafundisha wanangu, mmoja anafanya, mwingine anasema mkono unauma.

SWALI: Nimegongwa na gari binafsi Jumamosi, nikaangukia mkono. Mwenye gari kashuka, kaniomba radhi sana, kanipa elfu ishirini ya dawa akaondoka. Leo kiganja kimevimba hakishiki kitu. Naanzia wapi?
Fundi rangi, Sinza

JIBU: Kaka, anzia hospitali leo hii, usipitie kwa mkandaji. Kiganja kilichovimba siku kadhaa baada ya kuangukia kinaweza kuwa na mfupa uliopasuka na usiujue mpaka upigwe picha, na wewe brashi ndio maisha yako. Njiani pita polisi uchukue PF3, ile fomu ndiyo itakayoandikwa na daktari na ndiyo itakayokubeba huko mbele, bila hiyo itakuwa neno lako na neno lake.

Namba ya gari unayo? Kama hukuichukua rudi pale ulipoangukia uulize bodaboda wa kijiwe, hawa watu wanakumbuka kuliko kamera. Ukiwa na namba polisi wanaweza kujua mwenye gari na bima yake. Ile bima ndogo ambayo kila gari inatakiwa iwe nayo haikuwekwa kwa ajili ya gari wala dereva, imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe uliyegongwa. Elfu ishirini ya barabarani inapewa jina la ubinadamu lakini mara nyingi ni bei ya wewe kunyamaza, hata kama yule bwana mwenyewe hakuwaza hivyo. Usisaini popote kuhusu hiyo hela. Na baiskeli usiitengeneze kwanza, ipige picha ilivyo.

SWALI: Wewe unayeandika haya unaendesha kweli au unatuandikia ukiwa kwenye gari?
Bila jina

JIBU: Naendesha. Nimekulia Shinyanga, kule daladala ilikuwa baiskeli, unakaa kwenye keria na mzigo wako unapelekwa stendi. Ninayo Phoenix, ya tatu hii. Wiki hii niko kwa miguu kwa sababu iko kwa fundi Magomeni, spoki nne na breki za nyuma, kamaliza toka juzi, mimi ndio sijaenda kumlipa.