Maswali na Majibu: Mmea Ukitafunwa

Nimesikia mmea ukiliwa na wadudu hutoa homoni ya kujikinga. Je, nichane majani ya sukuma wiki makusudi ili ijikinge mapema? (Ruai)

Usichane. Kila unapochuma majani ya chini, tayari umeujeruhi mmea. Homoni hiyo, asidi ya jasmoniki, hupanda ndani ya saa moja tu, na kwenye nyanya huchochea protini zinazomzuia kiwavi kumeng'enya alichokula. Lakini mmea unaojitetea hupunguza kukua, kwa hiyo unajikosesha mboga bure.

Isitoshe, kisu si kiwavi. Mwaka 1997 watafiti walitambua kemikali iitwayo volisitini katika mate ya kiwavi. Ikigusa kidonda cha hindi, mmea hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi. Nyigu hao ndio wa kwanza kufa mnapopuliza dawa kila Jumamosi, wadudu wawepo wasiwepo. Acheni tabia hiyo!

Dawa gani kali ya wadudu? (Githurai)

Wadudu gani? Pindua jani, tazama, kisha uulize tena.

Jirani hunyunyizia nyanya maji ya aspirini. Inafukuza viwavi? (Kikuyu)

Hapana, na huenda ikawasaidia. Aspirini ni jamaa ya asidi ya salisiliki, homoni ambayo mmea huitumia hasa dhidi ya magonjwa. Homoni hii na ile ya jasmoniki hukandamizana: ukipandisha moja, nyingine hushuka. Ilishaonyeshwa miaka ya 1980 kwamba aspirini huzima mwitikio wa nyanya iliyojeruhiwa. Vidukari na nzi weupe, wanaofyonza utomvu bila kutafuna, mara nyingi huamsha upande huohuo wa salisiliki, ndipo shamba lililojaa nzi weupe linaweza kuwa laini kwa viwavi. Vidukari waoshe kwa maji ya kasi chini ya jani, jioni. Wakibaki, kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja; ukizidisha utaunguza majani.

Mahindi yangu yako magotini, viwavijeshi wamejaa moyoni, kwenye majani machanga ya katikati. Kwa nini hayajitetei? (Kasarani)

Yanajitetea, lakini yanadanganywa. Kinyesi cha kiwavijeshi kikirundikana moyoni, hindi hukichukulia kama dalili ya ugonjwa. Ulinzi wa salisiliki hupanda na ule wa kuzuia viwavi hudhoofika. Fungua moyo asubuhi, ponda viwavi, ponda na mayai yaliyorundikwa kwenye majani. Ukiona kinyesi kibichi kama unga wa mbao uliolowa, kiwavi yumo ndani bado. Mkubwa aliyejificha chini ya kinyesi hafikiwi vizuri na dawa, kwa hiyo kagua mara mbili kwa wiki angali mdogo. Tena usiongeze mbolea ya naitrojeni ya CAN kwa kuogopa kuliwa: naitrojeni ikizidi majani huwa laini na viwavi hushamiri.