Kwangu ni Oman, tangu utotoni mpaka leo nina mvi

Ndugu umeuliza ni nchi gani ya kigeni mtu ameipenda maisha yake yote, akienda akirudi hamu haimwishi. Naona wengi wameandika Dubai, wengine Uturuki, mmoja Malaysia. Mimi jibu langu ni Oman na sitafuti la pili. Ntaandika kirefu, mnisamehe, manake watu wa Mombasa hii nchi tunaipita juu kwa ndege tukikimbilia kwingine na jambo hilo huniuma kweli.

Mapenzi yenyewe yalianza kabla sijaiona. Sisi tumekulia Mji wa Kale, babangu alikuwa mchukuzi bandari ya zamani, kazi yake kupakua majahazi. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi hivi, ndo majahazi ya Arabuni huja, na ya Sur, mji wa pwani ya Oman, ndo babangu alikuwa akiyasifu kushinda yote, akisema mabaharia wake wanajua kazi na hawadhulumu mtu ujira wake. Walileta tende, papa, mazulia, wakakaa hapa wakingoja upepo ugeuke uwe kusi, alafu wakarudi na boriti za mikoko kutoka Lamu. Nlipopata akili yalikuwa yamebaki machache, na serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakapungua zaidi. Lakini Sur nyumbani kwetu ilikuwa ikitajwa kama mtaa wa pili, utadhani ukivuka barabara tu umefika.

Nkaja nkapata kazi ya kliaringi, kutoa mizigo ya watu forodhani, bandari ya Kilindini, nkaweka pesa pole pole, mwishowe nkaenda. Nlitua Muscat.

Sasa hapo ndo wapenzi wa Dubai huvunjika moyo. Muscat haina magorofa ya kugusa mawingu, mji wote umetandazwa chini kati ya milima ya mawe matupu na bahari, nyumba nyeupe au rangi ya maziwa, na hiyo rangi ni sheria ya mji. Mimi ule mtandazo ndo ulonimaliza. Nenda mtaa wa Mutrah jioni, utembee kando ya bahari ukiwa na chai ya maziwa mkononi, alafu uingie sokoni. Harufu ya ubani inakupokea mlangoni na haikuachi mpaka unatoka.

Humo sokoni ndo yalonitokea haya. Tuko kwenye duka la vitambaa mimi na mwenzangu, tunanong'onezana kwa Kiswahili kuhusu bei, mara bi mkubwa mmoja nyuma yetu akasema, "Wanangu, mwambieni rial tatu, zaidi ya hapo anawaonea." Kiswahili cha Unguja kilichonyooka! Tukageuka tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza sisi wa wapi, tulipomwambia Mombasa akatushika mikono. Alipita hapa akiwa msichana, 1964, wazee wake wakikimbia Unguja. Siku ileile tukala kwake. Kwanza tende na kahawa (ukitosheka unakitikisa kikombe, usipokitikisa wataendelea kukumiminia tu), alafu wali na nguru, alafu halua. Wajukuu wake walikuwa wakimjibu kwa Kiarabu na yeye anasema nao Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Huyu bi mkubwa ndo aliyenifahamisha mambo yalivyokuwa. Ati kabla ya 1970 Oman nzima ilikuwa na kama kilomita 10 za lami na skuli tatu basi, na milango ya mji wa Muscat ikifungwa usiku, ukitembea lazima ubebe taa. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos akamtoa babake, Sultani Said bin Taimur, akashika nchi, na akawaita Waomani waliotawanyika duniani warudi wajenge kwao. Wale wa Unguja walikuwa wamesoma, wengi wakaingia maofisini, skuli, hospitali. Ndo maana mpaka leo Muscat utasikia Kiswahili benki, sokoni, kwenye teksi. Na mishkaki kila jioni barabarani, wanaiita hivyohivyo mishkak. Mtu wa Mombasa hapotei kule, wallahi.

Lakini kama utaishia Muscat basi Oman hujaiona. Chukua gari, uende mji wa Nizwa huko bara, kilomita 160 hivi, lami safi. Ulale Alhamisi ili Ijumaa alfajiri uwe soko la mbuzi, wanunuzi wameketi duara na wenye mbuzi wanazunguka nao katikati wakipiga bei, saa tatu asubuhi mambo yamekwisha. Alafu ingia ngomeni. Ule mnara mkubwa wa mviringo ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman wa ukoo wa Yaarubi, huyohuyo aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Kwenye ngazi zake kuna matundu juu ya milango, adui akiingia anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Na mwanawe sasa, Saif bin Sultan, ndo ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome yetu hapa, Fort Jesus, kuanzia Machi 1696 mpaka ikaanguka Disemba 1698. Miezi 33! Mimi nimeingia Ngome tangu mtoto, skuli walikuwa wakitupeleka, lakini zile kuta nlizielewa nkiwa nimesimama juu ya mnara wa baba mtu, Nizwa. Skuli tulifundishwa kwamba Waarabu walikuja wakawatoa Wareno, basi, kana kwamba walitoka baharini tu. Hakuna aliyetwambia walikuwa na miji yenye mitende na mahakama na wanavyuoni na ugomvi wa ndugu kwa ndugu, manake huyo Saif alipigana na kakake Bil'arab mpaka kaka akafia kwenye ngome yake ya Jabrin. Jabrin nayo mwendo mfupi kutoka Nizwa, nenda uone dari zilivyochorwa maua.

Hukohuko bara utaona falaji, mifereji ya maji. Maji yanatoka chini ya mlima yanatembea kwa mteremko tu hayasukumwi na mashine, yanapita msikitini na majumbani kisha yanagawiwa mashamba ya mitende kwa zamu, kila mtu na muda wake, na zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. UNESCO waliyaingiza matano kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mimi nlikaa kwenye ukingo wa falaji la Birkat al-Mawz mpaka adhuhuri nkiangalia mzee akifungua na kuziba njia za maji kwa matambara na mawe, na sioni haya kusema ni moja ya vitu vizuri nilivyoviona duniani. Sisi hapa mabomba ya maji yanakauka wiki nzima, mtaa mzima unanunua maji ya mkokoteni, na hawa jangwani wamegawana maji kwa haki mamia ya miaka.

Kutoka hapo unapanda Jebel Akhdar. Polisi wana kizuizi pale chini, gari isokuwa na four-wheel hawaipitishi. Juu ni baridi, makomamanga, na Aprili mawaridi, wanayachemsha majumbani wapate marashi. Ukiwahi kumwagiwa marashi kwa mrashi kwenye maulidi au harusi hapa Mombasa, ukifika mlango wa nyumba za kule utaijua ile harufu kabla hujaambiwa.

Sur nimeiacha makusudi nije niiseme kivyake. Ni kilomita 200 hivi kutoka Muscat kwa njia ya pwani. Nlifika na mchana wa jua kali nkaenda moja kwa moja mahali wanapounda majahazi, bado wanaunda, na kando yake kuna jahazi la zamani Fatah al-Khair, la 1951, limewekwa watu walione. Babangu alikuwa ameshafariki. Nliligusa ubavuni nkamsomea Fatiha hapohapo. Mlinzi akaniuliza nimetoka wapi, nlipomwambia Mombasa akampigia mtu simu, akaja mzee sana, anatembelea fimbo, akaanza kunihesabia kwa Kiarabu: Mombasa, Lamu, Zinjibar. Kiarabu changu ni cha madrasa na chake cha baharini lakini tuliongea. Akanipeleka nyumbani kwake akanionyesha dari. Boriti! Boriti zetu za mikoko, nyeusi kwa umri, zimepangwa kama zilivyo nyumba za Kibokoni na Kuze. Na akanifahamisha jambo ambalo nimelikuta baadaye kwetu pia: vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake, kwa hivyo mkoko wa Lamu ndo uliopima upana wa vyumba vya Sur. Yani watu wamezaliwa, wameolewa, wamekufa chini ya miti ilotoka mikokoni kwetu, na huenda mingine imepitia bega la babangu. Baada ya siku ile Oman kwangu ikawa si utalii tena.

(Ukiwa Sur usiku nenda Ras al-Jinz ukaone kasa wakitaga, wanaongozwa na walinzi, tochi na flashi marufuku. Weka nafasi mapema.)

Salalah iko kusini kabisa, kama kilomita 1,000 kutoka Muscat, mimi huenda kwa ndege. Watu wa Ghuba hujazana huko Juni mpaka Septemba, msimu wa khareef, waone ukungu na manyunyu. Kusi ileile inayochafua bahari yetu hapa ndo inayopanda milima ya Dhofar, jimbo la huko Salalah, ikaigeuza kijani. Barabarani wanauza madafu, ndizi, mapapai! Ukishushwa pale umefungwa macho utasema uko Kilifi. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 akenda Kilwa, na kutoka Kilwa merikebu yake ikatua hukohuko Dhofar. Na miti ya ubani iko nyuma ya milima, ukungu usikofika, wanachanja gome, utomvu unatoka mweupe, wanauacha ugande kisha wanarudi kuukwangua. Ule bora unaitwa hojari. Mamangu alikuwa hafukizi mwingine Ijumaa.

Kuna wenzangu wataniuliza, na wana haki, unawezaje kuipenda nchi ambayo watawala wake waliuza watu? Siyafichi. Mimi kila nkienda kwa dadangu Kisauni napita Kengeleni, ile kengele ya Frere Town iliwekwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na wajukuu wao ni majirani zetu. Hilo nimelisema hata nkiwa Muscat, kwenye meza ya watu wanaonilisha, na wengine walinyamaza na wengine wakakubali. Na leo kuna dada zetu wanaenda kule kazi za nyumbani, wako wanaotendewa wema na wako wanaonyang'anywa pasipoti na mishahara, nimekaa nao nimewasikiliza. Mgeni mwenye tiketi ya kurudi hauoni mlango wa jikoni. Kwa hivyo mtu asichukue haya yangu akamshawishi bintiye aende kazi bila mkataba aliousoma na kuuelewa. Kuipenda nchi na kuisemea uovu wake kwangu vinakwenda pamoja, Mombasa yenyewe naipenda hivyohivyo.

Mambo ya safari kwa ufupi. Nenda Novemba mpaka Machi, Juni Muscat joto linapita digrii 40 na huwezi kutembea (Salalah tu ndo ya Juni). Visa inaombwa mtandaoni, tovuti ni ya polisi wa Oman wenyewe, usimpe wakala pesa ya bure. Rial moja inazidi shilingi 300 zetu, kwa hivyo hoteli zinauma, lakini chakula cha barabarani rahisi na wenyewe hawakuachi ulale njaa. Gari wanaendesha kulia, siku ya kwanza usishike usukani usiku. Mkiwa wengi changeni gari moja. Wanaume vaeni kanzu au suruali ndefu, wanawake mjistiri kama mnavyoenda Lamu, mtaheshimiwa sana. Msikitini utakuta Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi na ya Sunni safu moja, ingia usali.

Mimi Inshallah kaskazi hii nampeleka mjukuu wangu, yuko sekondari na anapenda historia. Tutaanzia Nizwa, tupite Jabrin, Sur siku tatu nzima, na safari hii nataka tufike Khasab huko Musandam, kwenye mlango wa bahari wa Hormuz, manake sijawahi. Aliyewahi kwenda huko kwa meli na si kwa ndege aniandikie hapa chini bei na ratiba zikoje, na kama mtu wa umri wangu anaimudu.