Kufunga keria ya spea kwenye pikapu ya zamani, isicheze wala isigome

Mtu akinunua pikapu ya zamani hukagua injini, giaboksi na breki. Spea, yaani tairi la akiba, hupigwa teke moja kuona kama ina upepo, basi. Mimi siku hizi naanzia huko huko nyuma, chini ya bodi. Tairi la pikapu pamoja na rimu yake lina uzito wa kilo 25 hadi 40 hivi, na likidondoka ukiwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, anayelikuta barabarani ni dereva wa nyuma yako ambaye hana kosa lolote. Keria, yaani kifaa kinachobeba spea, ina kazi mbili: ilishike tairi siku zote, na iliachie siku unapolihitaji. Nyingi zilizozeeka zimeshindwa mojawapo, na nimeziona zilizoshindwa zote mbili.

Pikapu nyingi za zamani hubeba spea kwa winchi ndogo. Unaingiza fimbo kwenye tundu karibu na bampa, unazungusha, na mnyororo au waya wa chuma unalishusha tairi likiwa limekalia sahani inayopita katikati ya rimu. Winchi hiyo imekaa mahali pabaya: magurudumu ya nyuma huirushia tope na maji mwaka mzima, na hakuna anayeikumbuka hadi apate pancha. Ya kwangu ilikuwa imegoma kabisa. Niliilowesha mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha ilale nayo, kisha nikawa naizungusha kidogo mbele na kidogo nyuma badala ya kulazimisha. Wakati huo wote nilikuwa pembeni, kwa sababu hujui waya utakatika lini, na mtu hapaswi kulala chini ya tairi lililokwama.

Liliposhuka nikauvuta waya hadi mwisho. Sehemu ya nje ilikuwa nzima, hata ingemdanganya fundi. Lakini kipande cha mwisho, kile kinachobaki kimejiviringa ndani wakati wote, nyuzi zake zilikuwa zimekatika na kusimama kama miiba ya samaki. Waya wa namna hiyo hauungwi wala haukatwi ukafungwa upya. Winchi nzima inabadilishwa. Kama ya kwako ni ya mnyororo, kagua pete moja moja, hasa pale zinapogusana, maana ndipo zinapolika.

Ukiona afadhali uhamishe spea, fikiria kwanza inaenda wapi. Chini ya bodi uzito unakaa chini na gari linatulia. Mkono wa kufungua na kufunga kwenye bampa ya nyuma unapendeza macho, ila unaning'iniza uzito mbali nyuma ya ekseli, na mara nyingi unaziba taa au namba ya gari. Mimi napenda spea isimame ndani ya bodi, nyuma ya kabini: unaiona kila siku na unaifikia bila kulala kwenye tope. Nafasi ya mzigo inapungua, hilo nalikubali.

Kosa kubwa ninalolikuta kwenye kazi za watu ni keria iliyofungwa kwenye bati tupu. Bati la bodi ni jembamba. Tairi la kilo 30 likirushwa na tuta linaweza kuvuta bolti kwa nguvu mara tatu ya uzito wake, na baada ya muda bati linapasuka kuzunguka matundu. Bolti zipite hadi kwenye chuma cha mkingamo chini ya bodi. Pasipofikika, weka pleti ya milimita 5 chini ya bati, pana vya kutosha kugawa uzito.

Kama unafunga kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, tafuta kwanza matundu yaliyotoka nayo kiwandani. Ikilazimu kutoboa, toboa ubavu uliosimama wima, kamwe usitoboe midomo ya juu na chini, yaani kingo zake zilizolala, kwa kuwa hiyo ndiyo inayobeba mzigo chesisi inapojipinda. Kuchomelea moja kwa moja kwenye chesisi sishauri: moto hubadilisha chuma, na ufa hupenda kuanzia pembeni mwa weldi. Chomelea keria ikiwa mezani, kisha ije kufungwa kwa bolti. Kabla ya kutoboa chungulia upande wa pili, maana hapo hupita paipu za breki, za mafuta na nyaya. Gonga pia kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa na kumwaga magamba, na hapo hapafungwi kitu.

Tumia bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani, ambayo ni alama ya daraja la nguvu yake, washa pana, na nati zenye pete ya nailoni. Nati hizo usizirudie zikishafunguliwa, na usiziweke karibu na ekzosi, joto huiyeyusha nailoni. Kila tundu ulilotoboa lipake rangi ya kuzuia kutu kabla bolti haijaingia. Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti. Kaza tena baada ya kilomita 100 hivi, kisha uwe unaangalia mstari: ukivunjika, nati imezunguka. Vumbi jekundu linalotoka pembezoni mwa washa nalo ni habari mbaya. Hiyo ni kutu inayosagwa na vyuma vinavyocheza.

Tairi lenyewe libanwe kwenye rimu, kwa nati mbili au zaidi. Ukilibana kwa kukandamiza mpira peke yake, upepo ukipungua linalegea. Lile la chini ya bodi litikise kwa mikono baada ya kulipandisha. Likicheza hata kidogo, litausugua waya kila siku. Kisha ongeza mnyororo mfupi unaopita kwenye tundu la rimu na kufungwa kwenye chesisi kwa bolti yake mwenyewe, usiohusiana na winchi. Kufuli ni ya wezi, usiitegemee kubeba uzito. Ifunike kwa kipande cha mpira wa tyubu ili maji yasiingie tundu la ufunguo.

Kama tairi ni pana kuliko la zamani, hakikisha haligusi ekzosi, na kwamba difu, ile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, haitaligonga gari likijaa mzigo na springi zikashuka.

Angalia pia tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 3519 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10, hata kama ni spea ambalo halijawahi kukanyaga barabara. Kila ukibadilisha oili, lishushe peke yako, kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari tu, ulipime upepo, uipake winchi grisi na ulirudishe. Fimbo ikiwa haipo au haifiki, utaligundua hilo ukiwa nyumbani mchana kweupe.