Kumfundisha mtoto mdogo wema: usianze na kulazimisha "samahani"

Mleta mada, pole, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Umesema mwanao ana miaka mitatu na nusu, ananyang'anya vitu, anapiga wenzake, na ukimlazimisha kuomba msamaha anatamka "samahani" huku anaangalia pembeni, kisha dakika hiyohiyo anarudia. Umeuliza kama ana roho mbaya, na kama umpe zawadi kila anapokuwa mwema. Mimi ni mwalimu wa chekechea wa siku nyingi na ni mzazi pia, nitakujibu kwa ninayoyaona darasani.

Roho mbaya hana. Kutambua kwamba mwenzake naye ana mawazo yake, tofauti na ya kwake, ni uwezo unaokomaa polepole, na kwa watoto wengi unakaa sawa karibu na umri wa miaka minne. Mwanao bado yuko njiani. Hamu ya kusaidia, yeye anayo tangu zamani. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha jaribio ambalo mtu mzima aliangusha kitu mbele ya watoto wa miezi 18, akawa anajinyoosha na hakifikii. Karibu watoto wote walimsaidia angalau mara moja, bila kuahidiwa chochote. Kwa hiyo usijione kama unapanda kitu kipya ndani yake. Unampa njia ya kukitoa kilichomo.

Sasa hiyo samahani. Mtoto anayelazimishwa anajifunza kwamba kuna neno la kumtuliza mtu mzima, akilisema tu kesi imefungwa. Mwenzake aliyeumia hayumo kabisa katika hesabu yake. Mimi huwa namrudisha kwa mwenzake. Nikupe mfano. Mtoto mmoja darasani alikuwa na tabia ya kupiga teke minara ya matofali ya mbao ambayo wenzake wameijenga. Siku moja alibomoa mnara wa msichana ambaye alikuwa ametulia nao muda mrefu. Nilikwenda kwanza kwa aliyebomolewa, nikachuchumaa, nikamshika bega. Yule mbomoaji nikamwita kwa sauti ya kawaida: "Njoo umwangalie mwenzako usoni. Unaona nini?" Akanyamaza, kisha akasema, "Analia." Nikamuuliza, "Analia kwa nini?" "Mnara wake." "Tumsaidieje?" Hapo ndipo unapotakiwa kuwa na subira, maana kimya kinakuwa kirefu na unatamani kujibu wewe. Mwishowe aliokota tofali moja akamnyooshea. Msichana alilikataa. Akaokota jingine, nalo likakataliwa. La tatu likapokelewa.

Baadaye nilimuuliza alitaka nini alipopiga teke. Alisema alitaka kujenga nao. Hili nimeliona mara nyingi mno: mtoto anayeharibu mchezo wa wenzake mara nyingi anatafuta mlango wa kuingia, ila hana maneno. Basi mpe maneno, na myafanyie mazoezi nyumbani mkiwa na utulivu, kwa wanasesere au wewe ukijifanya mwenzake: "Naomba nicheze na wewe." "Ukimaliza, nipe na mimi." "Sitaki, acha." Hilo la mwisho ni muhimu sawa na mengine. Mtoto mwenye neno la kukataa hana haja ya kutumia ngumi kujilinda.

Kuhusu kugawana, mimi simpokonyi mtoto kitu anachokichezea ili nimpe mwingine kwa jina la haki. Huo nao ni unyang'anyi, tofauti ni kwamba anayenyang'anya ni mkubwa. Mwenye kitu namwambia, "Ukimaliza, mpe mwenzako, anasubiri." Anayesubiri namsaidia kusubiri: nakaa naye, tunatafuta cha kufanya. Mwanzoni inachosha, sikufichi. Lakini siku mtoto anapokipeleka kitu mwenyewe kwa mkono wake, utaona uso wake ulivyo, na kesho yake atataka kupeleka tena.

Zawadi achana nazo. Watafiti haohao mwaka 2008 waliona kuwa watoto wa miezi kama 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walipunguza kusaidia baadaye, kuliko waliosifiwa tu au ambao hawakupewa kitu. Sifa yenyewe iseme kilichotokea: "Umempa mwenzako gari, ona ameacha kulia." Inatosha.

Na tafadhali, usimchape kwa sababu amempiga mwenzake. Unamwonyesha kwa vitendo kwamba mkubwa akikasirika anapiga, na yeye ni mkubwa kwa mtoto aliye mdogo kwake. Akinyanyua mkono, ushike kwa upole lakini kwa uthabiti, umwambie, "Sitakuacha umpige," kisha umtoe pale mpaka atulie. Mafundisho yaje baadaye, kwa sababu mtoto mwenye hasira kali hasikii. Angalia pia saa za matukio: wengi hupiga wakiwa na njaa au usingizi, na hapo dawa ni kumlisha au kumlaza.

Jambo la mwisho ni lile uliloligusia kidogo tu, kwamba huko anakoshinda wameanza kumwita "mkorofi" mbele ya wenzake. Hilo lisipite. Nenda ukazungumze na mwalimu wake ana kwa ana, bila ugomvi, mwambie njia mnayotumia nyumbani na umwombe aitumie naye. Mwombe pia akuandikie kila siku tukio moja ambalo mwanao alimtendea mwenzake vizuri. Mwalimu akianza kuyatafuta matukio hayo atayaona, na atabadilika namna anavyomwita.